Ukuu wa shule binafsi na sauti ya utetezi: jibu kwa mwalimu wa Kigoma

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha sekondari binafsi hapa Kigoma mjini, huu ni mwaka wa tisa, na miaka mitatu ya mwisho nimekuwa mwalimu wa taaluma. Mkuu wetu wa shule anaondoka, na Mkurugenzi ameniita akaniambia nafasi ni yangu nikiitaka. Mume wangu anaona nisubiri ajira ya serikali. Jambo jingine: niko kwenye kikundi cha walimu na wazazi tunaofuatilia watoto wasiokwenda shule kule mwaloni, mitumbwi inakoshusha samaki, tumeshafika hadi kwa diwani. Wenzangu wanasema nikishakuwa mkuu wa shule ya ada sitakuwa tena na mdomo wa kumtetea mtoto wa maskini. Ni kweli? Na nikikubali, nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mwalimu, na hongera. Mkurugenzi akimwita mwalimu wa taaluma na kumpa nafasi hiyo, ameshaangalia matokeo, na ameshaangalia pia unavyokaa na walimu wenzako.

Ikubali, ila usiikubali kwa mdomo tu. Na wenzako wa kikundi usiwapuuze, maana hofu yao ina msingi. Nimewaona wakuu wa shule waliokuwa moto kwenye mikutano ya elimu, wanazungumzia haki ya kila mtoto, na Jumatatu asubuhi mhasibu wao anasimama mstarini kusoma majina ya wanaodaiwa ada. Mzazi ambaye jina la mwanawe limesomwa mbele ya shule nzima hatakusikiliza tena, hata ukazungumze bungeni. Swali lako la kama utabaki na mdomo wa kutetea, kwa hiyo, linajibiwa ofisini kwa mhasibu kabla halijafika kwa diwani.

Shule kuwa ya ada, yenyewe, haimfungi mtu mdomo. Hapo jirani zetu Tabora, Mwalimu Nyerere alipotoka Makerere katikati ya miaka ya 1940 alichagua kufundisha St. Mary's, shule ya Kanisa Katoliki, ingawa shule ya serikali aliyosoma mwenyewe nayo ilimtaka. Akiwa mwalimu pale alifanya kazi za tawi la TAA, chama kilichotangulia TANU, bila kificho. Mgongano ulikuja baadaye huko Pugu, nako shule ya kanisa, alipotakiwa kuchagua kati ya darasa na siasa, akaacha kazi mwaka 1955. Mwaka huohuo ndipo ilipoanza TAPA, chama cha wazazi kilichofungua shule kwa ajili ya watoto waliokosa nafasi chini ya serikali ya kikoloni, ambacho ndicho asili ya Jumuiya ya Wazazi ya CCM. Nayasema haya kwa sababu kuna wanaoamini kwamba shule isiyo ya serikali imezaliwa na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995, na kwamba imezaliwa kwa biashara. Sera ile ilifungua mlango mpana, baada ya shule nyingi za mashirika ya dini kutwaliwa na serikali kufuatia sheria ya 1969. Lakini mwalimu wa shule isiyo ya serikali anayesimama kudai elimu ya watoto wote si kitu kigeni katika nchi hii.

Tuingie sasa kwa mhasibu, maana huko ndiko utakakokaa zaidi kuliko unavyodhani.

Wazazi wa Kigoma mjini hawapati fedha siku moja. Wapo watumishi wa mshahara wa mwisho wa mwezi, wapo wenye maduka Mwanga, wapo wanaoteremsha mawese kutoka vijijini, na wapo watu wa ziwa. Hawa wa ziwa ndio watoto wao wanaorudishwa nyumbani mara nyingi, na ukichunguza utakuta sababu ni kalenda. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa inafanya kazi gizani. Mwezi ukishapevuka, mitumbwi inapumzishwa, na kwa siku kadhaa mialo ya Kibirizi na Katonga inapoa. Mwenye mtumbwi hana kitu, kibarua hana kitu, mama anayeanika dagaa hana kitu. Sasa shule imeandika kwenye fomu yake kwamba awamu ya kwanza ya ada mwisho ni tarehe fulani, bila kuangalia juu. Tarehe ikiangukia mbalamwezi, mama yule anaonekana mkorofi. Wiki mbili baadaye angekuja mwenyewe na risiti ya benki.

Chukua leja ya mwaka jana, weka pembeni kalenda inayoonyesha mwezi mpevu, kaa nayo jioni moja. Utaona siku ambazo malipo ya watu wa mwaloni yamefuatana na siku ambazo ukurasa ni mweupe. Kisha watenge kwenye orodha yao, mwite kila mmoja, mwandikiane makubaliano ya kulipa kidogo kidogo kila giza. Kiasi kiandikwe, mzazi atie sahihi au dole gumba, na aondoke na nakala. Mkurugenzi atakuuliza kama huo si ulegevu. Mwonyeshe leja. Mtoto aliyerudishwa nyumbani wiki mbili hailetei shule shilingi, na akikaa sana anahamishiwa shule ya kata na deni lake linakufa.

Hali hiyohiyo ilijitokeza kwa ukubwa zaidi mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu ile ilimega mwisho wa muhula wa kwanza na mwanzo wa muhula wa pili. Mkuu wa shule aliyesubiri aletewe orodha ya wadaiwa mwezi Julai alikuwa ameshachelewa. Mazungumzo yale yalikuwa ya Machi na Aprili, wakati dagaa bado wanauzwa.

Na kuhusu simu za kudai ada, mwondolee mhasibu kazi hiyo kwa wale waliolimbikiza. Piga wewe. Anza hivi: "Mama fulani, habari za kazi. Ni mkuu wa shule mwenyewe. Mtoto yuko darasani na ataendelea kuwepo. Naomba tupange tarehe." Sentensi ya kwamba mtoto yuko darasani ikitangulia, mzazi atapokea simu yako na siku nyingine. Ikitangulia hesabu ya deni, namba yako ataijua na hatapokea.

Sikuambii usamehe ada. Walimu wanakula mshahara wa hiyo ada, na shule inayochelewesha mshahara haiwezi kumwambia mtu kitu kuhusu haki. Kama shule inataka kusaidia watoto wasio na uwezo kabisa, nafasi hizo ziwekwe kwenye bajeti, zipitishwe na bodi ya shule, na ijulikane mapema ni ngapi na zinapatikana vipi. Msamaha wa kimyakimya unaotolewa na Mkurugenzi kwa anayejuana naye huishia kwa watoto wa ndugu na majirani, na mtoto wa Katonga hausikii.

Halafu kuna mchujo. Wewe umekuwa mwalimu wa taaluma, kwa hiyo mafaili unayajua kuliko mimi. Mwanafunzi hakufikisha wastani wa shule, anaambiwa akariri darasa, au mzazi anashauriwa kwa upole amtafutie shule nyingine, au anasajiliwa mtihani kwenye kituo kingine ili asichafue matokeo. Wizara imekataza mambo haya zaidi ya mara moja na bado yanafanyika. Hapa sina maneno laini: mkuu wa shule anayefanya mchujo asikae meza moja na watu wanaotetea watoto walioacha shule, kwa sababu yeye ni mmoja wa wanaowatoa. Kama shule yako ina tabia hiyo, kuiacha ndiyo kazi yako ya kwanza, na mwambie Mkurugenzi hivyo kabla hujakaa kwenye kiti.

Najua atakachojibu. Atasema wazazi wanachagua shule kwa matokeo. Ni kweli, lakini Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora tangu lilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya 2022, Januari 2023, na tangu hapo shule zimebaki kujitangaza zenyewe kwa mabango. Bango lako lisibebe sura ya mtoto bila idhini ya mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na inafanya kazi. Badala ya picha ya watoto watatu wa daraja la kwanza, waonyeshe wazazi kwenye kikao jinsi kidato kizima kilivyosogea: walioingia kidato cha kwanza na alama gani za Hisabati, na wametoka na alama zipi. Mzazi wa mtoto wa kawaida, ambaye ndiye mteja wako mkubwa, anaelewa hesabu hiyo haraka sana.

Mengine nayapitia kwa kasi, ila uyajue bila kufungua faili. Kanuni za viboko za 2002 zinamruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Ushauri wangu ni usimwandikie mwalimu yeyote ruhusa hiyo, na wewe usiitumie. Msichana aliyekatisha masomo kwa ujauzito, tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu arudi shuleni baada ya kujifungua, na shule ya ada isijifanye haikusikia. Kama Mkurugenzi ana shule ya msingi pia, bweni la watoto wa chini ya darasa la tano lilizuiwa kwa waraka kuanzia Machi 2023. Mitaala mipya iliyoanza Januari 2024 imeleta mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, kwenye sekondari, na shule binafsi nyingi hazina karakana. Amueni mapema mnaingia au hamwingii, kuliko kuandika kwenye fomu za kujiunga kitu ambacho hamna.

Sasa barua ya masharti yako ya kazi. Mwombe Mkurugenzi mkae wawili tu, kwa heshima zake zote. Wakurugenzi wengi wa kwetu ni wazee waliojenga shule kwa jasho, wengine kwa kiinua mgongo chao, darasa moja kila mwaka. Ukimsahihisha mzee wa namna hiyo mbele ya walimu, umeshafunga mlango. Faraghani anasikia, na anaposikia husaidia kuliko mtu yeyote. Mwambie unaikubali kazi na unaomba mambo machache yaandikwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri aweke masharti ya kazi kwa maandishi, kwa hiyo huombi upendeleo.

La kwanza ni hili, na liandikwe karibu na maneno haya: "Hakuna mwanafunzi atakayetolewa darasani au kuzuiwa kufanya mtihani kwa sababu ya ada bila sahihi ya mkuu wa shule." Mstari huo mmoja unakupa mamlaka ambayo wakuu wengi wa shule binafsi hawana, kwa sababu kwao mhasibu, ambaye mara nyingi ni mtoto au mke wa mwenye shule, ndiye anayeamua nani yuko darasani leo. Mengine: ushiriki wako katika kuajiri na kuachisha walimu, kuona taarifa ya benki ya shule kila mwezi, na ruhusa ya kuzungumzia elimu kwa jina lako kama raia, wakati jina la shule linatumika kwa makubaliano yenu tu. Akikataa la benki, vumilia mwaka wa kwanza. Akikataa la wanafunzi kutolewa darasani, rudi nyumbani ukafikiri upya, kwa sababu atakuwa amekupa cheo cha kutia sahihi maamuzi ya mtu mwingine.

Uliza pia meneja wa shule ni nani kwenye karatasi za wizara. Chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, shule isiyo ya serikali inakuwa na mmiliki na meneja waliothibitishwa, na nimekuta shule ambayo meneja aliyeandikwa alihama mkoa zamani. Wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wakija, ni wewe utakayesimama mbele yao.

Na kabla hujasaini, waombe walimu wawili watatu mnaoaminiana wafungue taarifa zao za NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hatakiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya asilimia 10, nyingine anaitoa yeye. Zipo shule zinazokata kwenye mshahara na fedha haifiki. Ukikuta hivyo, jua unarithi deni hilo pamoja na hasira za walimu, na sharti la kulilipa kwa awamu liingie kwenye barua yako.

Wenzako wa kikundi sasa. Hapa kuna kofia mbili na watu wanazichanganya. Ukiwa mkuu wa shule binafsi utaingia kwenye vikao vya wamiliki na mameneja. Chombo chao kinachojulikana nchini ni TAMONGSCO. Huko mtazungumzia tozo, leseni, ukaguzi, ada. Mjadala wa ada elekezi, yaani serikali kupanga viwango vya ada za shule binafsi, wa 2015 na 2016 ulikuwa wa namna hiyo, na wamiliki walikuwa na hoja zao za kusikilizwa. Ni utetezi halali, wa shule kama taasisi. Kikundi chenu cha mwaloni kinamtetea mtoto ambaye huenda hatakanyaga shule yako maisha yake yote. Siku ukienda Kamati ya Maendeleo ya Kata kuwasemea watoto hao, usichomekee hoja hata moja ya shule yako. Wala usitumie ubovu wa shule ya kata kama tangazo. Mkishatembelea familia na kuandika majina ya watoto wasiosoma, orodha hiyo isigeuke kuwa orodha ya kutafutia wanafunzi wa kulipa. Kikundi kikiliona hilo mara moja tu, watakuwa wamethibitisha walichokuonya.

Lakini unavyo vitu ambavyo kikundi hakikuwa navyo ulipokuwa mwalimu wa kawaida. Unajua shule inavyoendeshwa kwa gharama zake. Tangu Januari 2016 elimumsingi haina ada, na bado mtoto yuko mwaloni anageuza dagaa juani. Mwanaharakati asiyejua shule atasema wazazi hawana mwamko. Wewe unaweza kukaa chini na kuhesabu: sare, viatu, madaftari, mchango wa chakula, na fedha ambayo mtoto huyo anaipata asubuhi moja ya kuanika. Hesabu hiyo, imeandikwa kwenye karatasi moja, bila majina ya watoto, ndiyo mnayompa diwani. Na mpeni kwa wakati. Mwaka wa fedha unaanza Julai, lakini halmashauri inaandaa bajeti yake miezi mingi kabla, na ikifika Aprili Bunge linapoanza kujadili bajeti za wizara, ya kwenu imeshafungwa. Vikundi vingi vinabisha hodi Mei. Ninyi nendeni Novemba.

Msingi wa kudai mnao. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma mwanzoni mwa 2025, inaweka elimu ya lazima ya miaka kumi, yaani msingi miaka sita na sekondari ya chini miaka minne. Mtoto anayeacha akiwa darasa la tano ili akavute nyavu si suala la familia yake peke yake tena. Halmashauri inatakiwa ijibu. Msitembee peke yenu pia: HakiElimu, iliyoanza 2001, na Mtandao wa Elimu Tanzania, ulioanza 1999, wanajua jinsi hoja ya kata inavyofikishwa ngazi ya taifa. Na shule yako yenyewe inaweza kutoa kitu bila kutumia fedha nyingi. Fungueni maabara Jumamosi moja kwa mwezi kwa kidato cha nne wa shule ya kata iliyo karibu. Tungeni mitihani ya majaribio pamoja na walimu wao na msahihishe pamoja. Walimu wa pande zote mbili watajifunza, na afisa elimu kata atakupokea tofauti siku utakapokwenda na ile karatasi.

Mume wako hajakosea. Ajira ya serikali ina usalama ambao shule binafsi hazijaufikia, na ukuu wa shule binafsi haukunyimi haki ya kuomba na kufanya usaili. Mweleze kwamba unaomba mkataba wa miaka miwili, unaendelea kuomba ajira, na uzoefu huu hautapotea. Wakati huohuo soma. ADEM, wakala wa serikali wenye makao Bagamoyo na matawi Mwanza na Mbeya, wanafundisha uongozi na utawala wa elimu, na Chuo Kikuu Huria kina kituo hapahapa Kigoma na kina shahada ya uzamili ya utawala, mipango na sera za elimu ambayo unaweza kuisoma ukiwa kazini. Kwa mtu anayetaka kuishi kwenye uongozi na utetezi kwa pamoja, ningechagua hiyo ya sera. Mbele yako, ukifanya vizuri, kuna nafasi za kuratibu shule kadhaa za taasisi moja, za dayosisi au za jumuiya, na kuna kazi kwenye mashirika ya elimu, ambayo yanahitaji sana watu waliowahi kulipa mishahara ya walimu na kujibu wathibiti ubora.

Baadhi ya walimu wa kiume, hasa waliokutangulia shuleni, watakupima mwezi wa kwanza. Wagawie kazi za maana mapema, kwa barua, na ukague kama zimefanyika. Hilo halinitii wasiwasi kwako. Mwalimu wa taaluma aliyezoea kudai maandalio ya masomo kwa wenzake ameshapita mtihani huo.

Barua ya masharti mpelekee Mkurugenzi wiki hii, kabla hajakutangaza kwenye kikao cha wazazi. Akishakutangaza, kukataa sharti lolote kutakuwa rahisi kwake na kujiondoa kutakuwa kugumu kwako. Na kikundi chako waonyeshe ule mstari wa wanafunzi kutotolewa darasani ukishasainiwa. Waombe wakukumbushe siku watakaposikia mtoto wa shule yako yuko mwaloni saa za masomo.